Kumpiga Foto Mnyama Asiyependa Mwangaza

Nyinyi vijana mnaokuja kunisalimia hapa Lushebere na simu zenu mkononi, swali lenu la kwanza huwa lilelile: "Mama Foto, nani alikusumbua kuliko wote?" Mnangoja niseme mkubwa fulani aliyekataa kuvua kofia, au bibi harusi aliyelia mpaka poda ikachimbika mitaro mashavuni. Hao wote niliwapiga, na walikuwa rahisi. Binadamu unamwambia, "Papa, inua kidevu kidogo," naye anainua. Kindi utamwambia nini?

Kazi nilijifunzia Masisi-centre, nikaifanya miaka mingi Kitshanga, na kabla ya kupumzika niliifanya Walikale, kwenye kituo kidogo cha wanyama kilichokuwa ndani ya ghala la zamani la kahawa. Watoto wa shule walikiita zoo. Hakikuwa na simba wala tembo. Kilikuwa na wadogo tu: kasuku waliokatwa mabawa, kakakuona, mboloko, yaani wale swala wa msituni wasiomzidi mwana-mbuzi, nguchiro mmoja mwizi, na yatima wengine waliookolewa sokoni au kuletwa na wawindaji wenyewe. Msimamizi alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana ambaye sote tulimwita Dokta. Aliniita nimpige foto kila mnyama, ili watu wa mbali waliokisaidia kituo wawaone. Nikadhani ni kazi ya siku chache. Nikafunga mfuko mdogo, nikapanda moto, yaani pikipiki, nyuma ya kijana wa taksi, nikafika na matope mpaka kwenye nyusi.

Nilianza na kasuku, nikijua nimeanza na rahisi. Nikasimama mbele ya tundu, nikawasha flashi, nikapiga, nikamwonyesha Dokta kwenye kioo cha apareyi, yaani kamera. Akatazama, akageuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Mama Foto, hii njo foto ya waya," akasema. "Kasuku iko wapi?"

Ilikuwa kweli. Flashi ilikuwa imegonga nyaya za tundu, zikang'aa kama meno, na ndege amebaki nyuma kama moshi. Basi sikilizeni hili, kwa maana litawafaa hata kwenye dirisha la gari. Waya ulio mbali na lensi unaonekana. Waya uliobandikwa lensi unapotea. Sogea mpaka lensi iguse wavu, ngoja mnyama aende nyuma, na uhakikishe ule wavu ulio mbele yako uko kivulini. Mimi nilikuwa na kipande cha kitenge cheusi nilichokitundika juu yangu na juu ya wavu kama mtu anayejifukiza dawa. Watoto wa shule wakipita wanauliza, "Mama iko na malaria?"

Lakini shida haikuwa waya. Shida ilikuwa mwangaza wenyewe. Mwalimu wangu, Papa Deo, mwenye studio ya Masisi-centre iliyokuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, alikuwa na maneno ambayo wakati ule niliyaona ya mzee anayependa kusikilizwa. "Mwangaza iko mugeni," alikuwa akisema. "Akiingia mulango moja, utaona sura yake. Bageni bakiingia milango yote mara moja, ile haiko tena bageni. Ile ni bezi." Kisha anazima taa zote mbili za mbele, anabaki na moja ya kando, na mtu aliyekuwa na uso wa sahani anapata pua na mashavu.

Nilipofika Walikale ndipo nilipoelewa. Msitu wa kule hauna mlango mmoja. Mwangaza unashuka katika matobo ya majani kama maji yanayovuja kwenye bati bovu: tone hapa, tone kule. Ukimpiga mboloko chini ya mti saa za mchana, unapata mnyama mwenye madoa meupe mgongoni ambayo Mungu hakumpa. Ndiyo maana nilianza kupenda mawingu. Watu wanalaani mvua ya Walikale, lakini kabla haijanyesha, lile wingu zito ni shuka jeupe lililotandazwa juu ya nchi nzima, na chini yake hata kakakuona, ambaye magamba yake hung'aa kama sufuria, anatulia rangi. Kakakuona nilimpata siku ya namna hiyo. Alikuwa amejikunja kama mpira. Nikalala tumboni kwenye nyasi, nikangoja. Dokta akaweka kipande cha gogo bovu chenye siafu. Pua ikatoka, kisha jicho, kisha ulimi mrefu kuliko aibu. Siafu walinipata mimi kwanza, lakini foto ilitoka.

Jambo jingine: apareyi haina akili, ina mazoea tu. Baba yangu alifuga ng'ombe kule Ngungu, na kitu cha kwanza nilichoshindwa kupiga maishani kilikuwa ndoo ya maziwa. Apareyi iliona weupe mwingi, ikaogopa, ikapunguza mwangaza, maziwa yakatoka ya kijivu kama maji ya kufulia. Mnyama mweusi ni kinyume chake. Inaona weusi, inaongeza mwangaza, na manyoya yanatoka kama majivu. Kwa hiyo cheupe kiongezee, cheusi kipunguzie, na usiiamini mashine kuliko jicho lako. Lakini msinielewe vibaya. Kupunguza si kumwacha gizani. Manyoya meusi yanataka mwangaza wa kando, unaopita juu yake kama mkono unaopapasa, ndipo utaona kila unywele.

Nilitumia kila kitu. Shuka la kitanda. Mfuko mweupe wa unga. Kifuniko cha sufuria kurudisha jua kivulini, mpaka siku kifuniko kilipomrushia mboloko jua machoni, akaruka, akapita katikati ya miguu ya mpishi, na maharage ya chakula cha mchana yakaenda ardhini. Tulikula ndizi kavu siku hiyo, na hakuna aliyenisemesha.

Sasa nifike kwa Papa Mulonda, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nikae Walikale muda wote ule.

Papa Mulonda alikuwa mlinzi wa wanyama wa usiku. Ujana wake wote aliwinda kwenye msitu huo, kama baba yake na babu yake. Alikuwa mrefu, mpole, na alivaa koti zito la baridi hata jua likiwaka. Siku niliyojulishwa kwake nilidhani ana ugonjwa kifuani, kwa sababu koti lilikuwa limevimba upande mmoja na linatikisika. Akanisikia nashtuka, akacheka.

"Hapana ogopa, Mama. Ule ni mutoto wangu. Analala."

Akafungua kifungo kimoja. Ndani kulikuwa na mnyama wa rangi ya kahawia, asiyezidi paka mchanga, ameng'ang'ania shati kwa vidole kama vya mtoto. Wazungu humwita poto. Ni mnyama wa usiku, hukaa juu ya miti, na hutembea taratibu sana, hatua kwa hatua, kana kwamba anaomba ruhusa kwa kila tawi. Pale kituoni walimwita Polepole. Wawindaji walikuwa wamemuua mama yake, wakamkuta mtoto amebaki kashikilia tumbo la maiti, mmoja akashindwa kumtia kwenye mfuko, akamleta kwa Papa Mulonda. Mzee akamweka ndani ya koti, na tangu hapo koti halikuvuliwa.

Nilipiga foto za wanyama wengine wote, nikamwacha Polepole mwisho. Asubuhi moja Papa Mulonda alinikuta nikisafisha lensi, akakaa kwenye kigogo pembeni yangu.

"Mama Foto, minakuomba kitu. Ile foto ya Polepole, unaweza fanya kubwa? Kubwa sana?"

"Naweza. Unataka kuitundika nyumbani?"

Akatikisa kichwa. "Minataka kumuona."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. "Papa, si unaye kifuani usiku na mchana?"

"Iko kifuani, ndiyo. Lakini sijamuona hata siku moja."

Ndipo akanieleza. Macho yake yalikuwa yakienda. Daktari wa Goma alimtazama, akamwambia kwamba mishipa ya nyuma ya jicho imechoka, na hakuna upasuaji wa kuirudisha. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na kilihitaji jua kali na kitu kikubwa kilicho karibu. Mchana angeweza kuuona mkono wake mwenyewe, umbo la mtu, bendera ya shule. Gizani au kivulini, hakuona kitu. Na Polepole alikuwa mnyama wa giza. Ukimtoa juani anaficha uso kwapani na kutetemeka. Usiku, anapoamka na kula na kupanda mabega ya baba yake, baba haoni.

"Minajua mikono yake," akasema. "Minajua vile anapumua akishiba. Sura sijue. Na Dokta anasema karibu atarudi mu pori. Akiondoka mbele sijamuona, nitakuwa kama muntu mwenye alilea mutoto wa ndoto."

Enyi wadogo zangu, nimeombwa foto na watu wa kila namna. Sikuwahi kuombwa namna hiyo. Lakini niliona pia kwamba jambo lenyewe linawezekana. Foto hukusanya mwangaza kidogo kidogo mahali penye giza, na ukiisha kuichapisha unaweza kuitazama juani. Mnyama angebaki kivulini kwake, na mzee angebaki juani kwake, na karatasi ingekuwa katikati yao.

Jioni ile nilijaribu kwa haraka, kama mtu aliyepewa zawadi anayetaka kuifungua hapohapo. Nilifunika flashi kwa shuka lililokunjwa ili iwe laini, nikaielekeza ukutani, nikaamini haitamuumiza. Nikapiga mara moja tu. Macho ya Polepole yaliwaka mekundu kama makaa mawili, naye akazama ndani ya koti. Papa Mulonda akaweka kiganja juu yake.

"Zima ile kitu, Mama," akasema taratibu. "Moyo yake iko nakimbia. Njoo, weka mukono hapa."

Nikaweka mkono juu ya koti. Moyo ulikuwa unapiga kama mvua kwenye bati. Flashi ile niliirudisha mfukoni, na haikutoka tena mpaka nilipoondoka Walikale.

Tukaanza upya. Katika chumba cha Papa Mulonda kulikuwa na dirisha moja dogo, limezibwa kwa gunia. Mzee akanikumbusha mwenyewe jinsi mama aliyejifungua anavyowekwa kwenye nyumba yenye giza, na pazia linavyofunguliwa kidogo kidogo mpaka mtoto azoee dunia. Basi tukafanya hivyo. Kila jioni, Polepole akiamka, tulipandisha gunia upana wa kidole, kisha vidole viwili, kisha zaidi. Mimi nilikaa chini, apareyi juu ya kigoda, imewekwa kwenye mfuko mdogo wa maharage ili isitikisike, kwa sababu kwa mwangaza mdogo hivyo jicho la apareyi linabaki wazi muda mrefu, na hata pumzi yako inaandikwa kwenye foto. Huwa napumua nje, nabaki bila pumzi, ndipo nabonyeza. Jifunzeni hilo. Halihitaji fedha.

Kisha jioni moja Polepole alikaa kwenye fimbo tuliyomwekea, akanitazama, akatulia. Akatulia kabisa, kama aliyechongwa. Nikapiga, nikapiga tena. Kila unywele ulikuwa mahali pake. Nilitoka mle ndani karibu nicheze.

Lori la ndizi lilikuwa linakwenda Goma, nikalipanda, nikachapisha foto kubwa ya karatasi inayong'aa, ile nzuri ya maharusi, nikarudi nayo imefungwa kwenye bomba la plastiki. Nikamwita Papa Mulonda nje. Dokta akaja. Hata mpishi akaja, ingawa tulikuwa hatujapatana vizuri tangu maharage.

Papa Mulonda akaipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Akatabasamu.

"Iko muzuri sana, Mama. Asanti. Kweli iko muzuri."

Alikuwa ameishika juu chini.

Mpishi akafungua mdomo, Dokta akambana mkono. Mzee aliendelea kuisifu ile karatasi kwa heshima, akitafuta mnyama wake ndani yake, na jua lote la Walikale lilikuwa linaruka juu ya ule mng'ao na kumpiga machoni. Nikaichukua polepole kutoka mikononi mwake.

"Papa, mimi nimekosea karatasi," nikamwambia. "Hii inakuletea jua, haikuletei Polepole. Niambie ukweli. Unaona nini?"

Akainamisha kichwa. "Mweupe. Na kitu kama matope."

Ile ilikuwa kweli tupu. Karatasi inang'aa, na mnyama wa kahawia yuko mbele ya ukuta wa udongo wa kahawia. Nilikuwa nimepiga foto kwa macho yangu mimi, kumbe atakayetazama ni yeye. Siku hiyo nzima tulishinda nje na vitu vya jikoni. Nilimwekea sufuria nyeusi juu ya mfuko wa unga: akaiona, akaionyesha hata mpini wake. Nikaiweka juu ya udongo: ikapotea. Kijiko cheupe kwenye sahani nyeupe: hakuna. Ndizi kwenye kitenge cheusi: akaiona, akaila. Hivyo nikajifunza jicho lake, kama unavyojifunza lensi ngeni: kile linachoona, na mahali linapokomea.

Kisha nikamwonyesha kwa maneno ile foto ilivyokuwa: jinsi Polepole alivyotulia, macho wazi, mikono imekaza fimbo, bila kutikisika.

Akasikiliza, kisha akatikisa kichwa. "Ile haiko kutulia, Mama. Ile ni woga. Bale banyama bakiogopa banakuwa sawa tawi, ili adui asibaone. Akiwa na raha, anatembea."

Nilikuwa nimekwenda mpaka Goma na kurudi na uso wa mtoto aliyeogopa.

Safari ya tatu sikupanga foto. Nilipanga jioni nzuri. Nilitundika shuka jeupe nyuma, mbali kidogo, ili unyoya wa kahawia upate mpaka wa kuonekana. Gunia la dirisha nililipandisha upande mmoja tu. Mlango mmoja, kama Papa Deo. Nikamwomba Papa Mulonda akae pale anapokaa siku zote, na amlishe kama anavyomlisha siku zote. Mimi nikajikunja kwenye kona na apareyi yangu juu ya maharage, nikajaribu kuwa fenicha.

Mzee akaponda papai kwenye kiganja. Polepole akatoka kwenye koti, akapanda mkono, mguu mmoja, ngoja, mguu wa pili, ngoja. Akala. Papa Mulonda akaanza kumsemesha Kinyanga, lugha ya mama mzazi wa mzee, ambayo mimi siielewi, lakini mnajua maneno hayo hata msipoyaelewa, ni yale anayoambiwa mtoto anayeoga. Kila nilipobonyeza nilijua nimekosa: kichwa kimesogea, mkono umekuwa moshi. Sikujali. Jioni ya kwanza, hakuna. Jioni iliyofuata, hakuna. Halafu jioni moja Polepole alimaliza papai, akalamba kidole gumba cha mzee, akainua uso kumtazama, kana kwamba anauliza kama limebaki lingine. Alikaa hivyo kwa pumzi moja. Nikatoa yangu nje, nikabonyeza.

Sikwenda kumwambia mtu. Nilirudi Goma, nikaomba karatasi kavu isiyong'aa, kubwa kama meza ya chai. Kijana wa pale akaniambia karatasi ile inaua rangi. Nikamwambia aiue.

Asubuhi niliyorudi kituoni hapakuwa na wingu. Tuliiegemeza foto ukutani, juani, na Papa Mulonda akapiga magoti mbele yake, koti likiwa limefungwa mpaka shingoni kwa sababu ya yule aliyelala ndani. Akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Akaanza pembeni, kwenye weupe, akaufuata mpaka wa manyoya kwa kidole, akafika sikio. Akasimama hapo. Akaendelea, akafika jicho. Jicho lilikuwa kubwa kama kikombe.

"Huyu hapa," akasema.

Kidole kikazunguka jicho lote.

"Huyu hapa. Iko nanitazama." Akacheka, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta. "Mama Foto, siku zote miye nilifikiri iko na sura ya kulia. Sababu walimutoa kwa mama yake akilia. Kumbe haiko sura ya kulia! Angalia. Iko sura ya muntu mwenye kushangaa."

Akafungua kifungo cha juu cha koti, akainamisha kidevu, akamwambia yule aliyelala ndani, "Kumbe weye unashangaa tu."

Dokta alikwenda nyuma ya ghala, akakaa huko muda mrefu akijifanya anahesabu majani ya mboloko.

Mzee aliitazama foto ile kila asubuhi jua likitoka, kabla ya chai. Siku nyingine aliona kitu kipya, akaja kunieleza kama habari: "Pua yake iko na unyevu!" Siku nyingine aliona kidogo kuliko jana, na hiyo pia aliniambia, bila kulia, kama mtu anayekwambia mto umepungua. Lakini uso ulikuwa umeshaingia. Aliniambia hata akifumba macho anauona.

Halafu Dokta akasema wakati umefika. Polepole alikuwa amekua, anakataa papai la kiganjani, anatafuta wadudu mwenyewe kwenye paa. Tukampeleka mahali ambapo miti imeshikana juu na ambapo wawindaji wa ukoo wa Papa Mulonda walikuwa wameahidi kutoweka mitego. Tulikwenda watatu, pamoja na Dokta, jua likishuka, mzee ameshika bega langu njiani.

Alisimama chini ya mti mmoja mkubwa, akafungua koti lote, mara ya kwanza mimi kumwona akifanya hivyo. Polepole akatoka, akashika gome, akabaki pale, nusu juu ya mti na nusu juu ya mkono wa mzee. Papa Mulonda hakumsukuma. Akangoja. Mwisho ule mkono mdogo ukaachia kidole chake.

"Hupige foto?" akaniuliza.

"Mwangaza haunitoshi tena, Papa."

"Basi niambie. Iko wapi?"

"Yuko kwenye shina, juu kidogo ya kichwa chako."

"Na sasa?"

"Amefika tawi la kwanza. Amesimama. Anageuka."

"Anaangalia huku?"

"Anaangalia huku."

Akainua mkono, akampungia, kama mtu wa kando ya barabara anayeaga gari. "Na sasa?"

Nikakaza macho. Kulikuwa na kitu kinachosogea kwenye majani, au majani yenyewe. Giza lilikuwa linashuka kutoka juu ya miti, na nilijua kwamba kule juu, kwake, ndiyo kwanza asubuhi inaanza.

"Papa, sasa hata mimi simuoni."

Akasikiliza majani. Kisha akashika mkono wangu, akatabasamu kuelekea juu.

"Basi, Mama, sasa tuko sawa," akasema. "Kuja, nitakuonyesha njia. Hapa gizani miye njo nazoea."

Na kweli, yeye ndiye aliyetutoa msituni, mimi na Dokta tukiwa nyuma yake tumeshikana nguo, akituambia wapi kuna mzizi na wapi kuna maji.